Mjadala: Kujitolea kwa kusaini mahudhurio, huko ni kujitolea kweli?

Mleta mada
Wakuu, tulijadili hili bila matusi. Nafanya kazi kwenye kampuni kubwa hapa Dar, sitaitaja. Kila baada ya miezi mitatu tuna Siku ya Kujitolea: tunagawiwa fulana, basi linatuchukua saa 12 na nusu asubuhi, tunakwenda kupaka rangi shule ya msingi au kufagia soko. Ni Jumamosi. Tangazo linasema ni hiari, ila kuna daftari la mahudhurio, na kwenye tathmini ya mwaka kuna kipengele cha "ushiriki katika jamii". Mwaka jana nilikuwa namuuguza mama, nikakosa mara mbili. Nikakatwa alama na bonasi ikapungua. Sikatai kusaidia watu. Nauliza tu: kama ni hiari, alama za nini? Na kama ni kazi, kwa nini isifanyike Jumatano?

Kaka wa Tabata
Pole kwa kuuguza. Ila mara nne kwa mwaka ndiyo ya kufungulia mada? Kuna watu wanaitafuta hiyo ajira yako kwa udi na uvumba. Halafu tuseme ukweli, huwa mnakuja kupiga picha. Niliwaona shuleni kwa mwanangu, watu 40 ukuta mmoja, brashi hazifiki hata kumi.

Dada wa Kaunta
Hilo la picha limeniuma. Mimi nimebeba ndoo za maji kutoka bombani tangu asubuhi hadi mchana, na wiki nzima nilikuwa nimesimama kaunta. Hakuna aliyenipiga picha hata moja. Usituweke wote kwenye kapu moja, kaka.

Msoma Sheria
Mleta mada, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 48 kwa wiki. Zikizidi hapo ni malipo ya ziada. Hiyo Jumamosi wakulipe.

Afisa Mstaafu
Ni 45, si 48. Saa 9 kwa siku, siku zisizozidi 6 kwa wiki, na ziada ni mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, tena kwa makubaliano. Na kama wewe ni meneja unayesimamia wenzako na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa, kifungu hicho hakikuhusu. Wengi wanakisahau.

Msoma Sheria
Sawa mzee, 45. Hoja yangu iko palepale. Salesforce ya Marekani humpa mfanyakazi siku 7 kwa mwaka za kujitolea huku mshahara unaendelea. Huko kampuni inatoa muda wake, haichukui wa mfanyakazi.

Fundi Rangi
Nimesoma kimya tangu juu. Hao watu 40 na ukuta mmoja. Madarasa mawili ni kazi ya mafundi wawili, siku nne. Mkishuka nyie na basi lenu, mimi na mwenzangu tunabaki kijiweni tunaangalia. Hilo mbona hamlijadili?

Dada wa Kaunta
Kwa hiyo watoto wasome kwenye kuta chafu ili wewe upate kibarua? Shule haina hela ya kukulipa, fundi. Tungekuwa tumekunyang'anya kazi kama kazi ingekuwepo.

Fundi Rangi
Dada yangu, hela ipo. Hesabu fulana, basi, maturubai, spika, chakula cha mgeni rasmi. Hapo mafundi tungelipwa na ndoo za rangi zingebaki. Halafu mnapaka rangi ya maji juu ya chokaa bila kukwangua. Masika yakipita inabanduka vipande vipande. Sisemi kwa chuki, nimeitwa mara mbili kwenda kurekebisha kazi za namna hiyo.

Mwalimu wa Darasa la Nne
Fundi hasemi uongo. Kwetu ilibanduka ndani ya mwaka. Ila lililonichoma mimi si rangi. Watoto walifanya mazoezi ya ngonjera wiki nzima, Jumamosi wakaitwa kuwaimbia wageni juani. Na sisi tulikuwa tumeomba vyoo. Kipimo cha serikali ni tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Sisi wasichana zaidi ya 60 wanapanga foleni kwenye tundu moja. Tuliandika barua, tukajibiwa kwamba mwaka huu kampuni imechagua rangi.

Kaka wa Tabata
Mwalimu, na ninyi mngekataa! Mnapokea kila kitu halafu mnakuja kulalamika huku.

Mwalimu wa Darasa la Nne
Kataa wewe, halafu uende ukamweleze mratibu elimu kata kwa nini umewafukuza wafadhili. Mimi bado nataka kazi yangu.

Mzee wa Same
Vijana mnateseka kwa kuwa mmepoteza msaragambo. Kwetu Upareni ikilia mbiu, kila nyumba inatoa mtu, tunakwenda kuzibua mfereji na kutoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Hakuna aliyeuliza bonasi.

Mleta mada
Shikamoo mzee. Maji ya ndiva yalikuwa yanafika shambani kwako?

Mzee wa Same
Marahaba. Yanafika, kwa zamu. Asiyekuja alikosa zamu yake.

Mleta mada
Basi mlikuwa mnafanya kazi yenu wenyewe, na mlipanga wenyewe. Mimi shule napangiwa na mtu ambaye hajawahi kufika mtaa huo.

Niko Kigali
Huku umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, ni Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, asubuhi, na ni lazima kwa watu wazima wenye afya. Unaweza usiupende, lakini hawakuambii ni hiari. Na mnafanya mtaani kwenu, na majirani.

Kaka wa Tabata
Rwanda ni Rwanda. Dada wa Kaunta, lile la picha nilijumlisha vibaya, samahani. Ila mimi kama mzazi sitaki tena mwanangu aimbishwe juani.

Dada wa Kaunta
Nimepokea. La ngonjera sikulijua, tulidhani watoto wamependa wenyewe.

Mleta mada
Tunakwenda tena Jumamosi ya wiki ijayo, madarasa mawili, kuta za chokaa. Fundi, tukitaka isibanduke tufanye nini?

Fundi Rangi
Kwangua chokaa yote mpaka ufike kwenye lipu. Ziba nyufa, piga msasa, futa vumbi. Praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, iache ikauke. Ndipo rangi, mikono miwili, na baina yake inakauka tena. Hiyo haiishi siku moja.

Mleta mada
Ratiba inasema iishe saa 6, mgeni rasmi anafika saa 7.

Fundi Rangi
Basi waambieni wakubwa wenu wanilipe mimi na mwenzangu siku tatu, tuanze kukwangua Jumatano. Jumamosi mtakuta kuta ziko tayari, mpake mkono wa mwisho. Na watoto wabaki nyumbani.