Tupeane uzoefu: kuku wa nyama wa kuachiwa huria nyumbani

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za mifugo. Tukizungumzia kuku wa nyama huwa tunaishia bandani: taa, stata (chakula cha kuanzia), finisha (cha kumalizia), wiki ya sita anachinjwa. Leo nataka tuwasikie wanaowafungulia mlango. Broila, yaani huyo kuku wa nyama, anakubali kutembea? Vifo vikoje?

Naanza mwenyewe. Wangu nilikuwa nikiwafungulia wanachungulia nje, kisha wanarudi kulala kando ya chakula. Nikaweka maji huku na chakula kule, mwisho wa uwanja. Wakawa hawana budi kutembea, na miguu ikakaza.

Mama Vifaranga
Tatizo ni aina, mkuu. Cobb 500 na Ross 308 hupita kilo 2 ndani ya wiki 5 au 6. Nyama inatangulia, moyo na miguu vinabaki nyuma, ndiyo maana unaona mwingine amejaa maji tumboni, mwingine kaketi kutwa nzima hadi kifua kimenyonyoka. Mimi nilihamia Sasso na Kuroiler. Utasubiri wiki 10 hadi 12, pengine zaidi, ila ni kuku anayechakura, anafukuza panzi, na kivuli cha mwewe kikipita tu yuko chini ya kichaka.

Fundi Banda
Nguchiro alinichimbia chini ya wavu. Nikauzika wavu na kuukunja kwa nje. Kwisha habari.

Mzee wa Maranda
Vijana, msiwatoe mapema. Wiki ya kwanza bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, iwe nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, halafu shusha kama 3 kila wiki. Mgongo ukishafunikwa na manyoya, kwenye wiki ya 3 au 4, watoe umande ukikauka. Kipimajoto ni kizuri, ila watazame wenyewe: wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, wakijitenga pembeni, midomo wazi, wamezidiwa na joto.

Mkulima Kimya
Shikamoo mzee. Kwangu adui alikuwa ardhi. Kundi la kwanza lilikwenda vizuri, la pili kwenye uwanja uleule likaanza kuharisha damu. Vimelea vyake hukaa udongoni muda mrefu na hupenda unyevu, hasa pale matope yanapozunguka chombo cha maji. Sasa uwanja nimeugawa kwa wavu, kundi linahama, upande mmoja unapumzika. Chombo cha maji kiko juu ya chaga ya waya, matone yanaangukia chini yake, kuku hawafiki.

Mwanzisha uzi
Hiyo ya chaga naiba. Chanjo je? Kuna mtu kaniambia kuku huria hahitaji.

Mama Vifaranga
Huyo usimsikilize kabisa! Huria ndiye anayekutana na njiwa na kuku wa jirani. Kawaida ni chanjo ya mdondo siku ya 7, ya gumboro (ugonjwa unaoharibu kinga ya mwili) siku ya 14, ya mdondo tena siku ya 21, lakini ratiba chukua kwa mtaalamu wa mifugo wa kwenu. Wa kukaa muda mrefu waongezee chanjo ya ndui. Na maji ya chanjo yasiwe na klorini, utaiua chanjo yenyewe.

Jiko la Kuni
Nyama ya kuku huria imekaza, inataka moto wa muda. Mteja mmoja aliona mafuta ya manjano akaniuliza kama kuku aliumwa! Ni majani na mahindi ya njano hayo. Alipoonja akaacha maswali.

Mgeni Bandani
Samahani wakuu, wakishazoea majani naweza kuwaacha bila chakula cha dukani?

Mzee wa Maranda
Hapana, mwanangu. Majani na wadudu ni nyongeza tu, ukitegemea hayo atabaki mifupa. Wape chakula kamili alfajiri na jioni. Mchana wa jua kali ondoa chakula, acha maji na kivuli, maana broila aliyeshiba hufa na joto upesi.