Mada: Paa baada ya dhoruba: ni mawe, ni upepo au ni uzee tu?

Kutoka: Mama Pacha

Ndugu zangu, habari za jioni. Samahanini kwa ujumbe mrefu, ila nimebanwa.

Juzi usiku dhoruba ilitupiga vibaya mtaani kwetu. Kulipokucha, hata watoto sijawafunga viatu, mtu kagonga mlango. Kavaa kofia ngumu, ana ngazi juu ya gari, anasema alikuwa anapita tu akaona paa langu "limekwisha" kwa mvua ya mawe. Akaniomba apande, akapanda, akashuka na picha tano kwenye simu yake. Kila picha ina alama ya duara jeusi. Akatoa karatasi nisaini, eti mambo ya bima ataongea nayo yeye, nisijisumbue.

Sijasaini. Lakini kusema kweli nikilitazama lile paa naona paa tu! Ninachokiona ni hiki: vigae vitatu vya lami vimeanguka kwenye nyasi upande wa nyuma. Chini ya bomba la mfereji kuna kitu kama mchanga mweusi, kiganja kizima. Na dari ya chumba cha watoto ina doa la kahawia ambalo siwezi kuapa kama lilikuwepo mwezi jana. Aliyeniuzia nyumba alisema paa lina miaka kumi na kitu.

Nitajuaje kipi ni cha dhoruba na kipi kilikuwepo?

---

Kutoka: Fundi Mstaafu

Mama Pacha, pole sana, na hongera kwa kutosaini. Mimi mgongo umeshakataa ngazi, lakini nimeezeka na kuezua mapaa miaka mingi huku, basi nisomeshe mdogo wangu.

Kwanza, wewe usipande. Vigae vilivyolowa vinateleza, na kigae kilicholegea kinaondoka na mguu wako. Kazi hii asilimia kubwa inafanyika ukiwa chini.

Watu wengi hukimbilia kutazama vigae. Mimi huanza na bati laini. Tazama mifereji, bomba linaloshusha maji, vifuniko vya mabomba ya hewa juu ya paa, mapezi ya mashine ya kiyoyozi iliyo nje, nyavu za madirisha. Jiwe la barafu lenye ukubwa wa kuumiza kigae cha lami, tuseme milimita 25 kwenda juu, haliwezi kuchagua vigae peke yake likaacha bati jembamba la pembeni. Likipiga paa, limepiga na hayo. Kwa hiyo chukua chaki, ilaze ubavu, ipitishe juu ya bomba la mfereji lililo usawa wa mkono wako. Pale penye kibonyeo chaki haishiki, panabaki duara tupu. Macho matupu yanakosa vibonyeo hivyo, chaki haikosi. Usipopata hata kimoja, wala kwenye kiyoyozi wala kwenye nyavu, basi habari ya mawe anza kuitilia shaka.

Tena mawe huacha madoa safi kwenye vitu vilivyochujuka: sanduku la umeme la nje, uzio wa mbao, sakafu ya baraza. Pale jiwe lilipogonga, ule ukungu wa kuchujuka unaondoka, panang'aa. Madoa hayo hufifia kadiri miezi inavyokwenda, kwa hiyo yakiwa mapya yanakusaidia kujua ni dhoruba ipi.

Sasa kigae chenyewe. Kigae cha lami ni tabaka: katikati kuna mkeka wa nyuzi, umelowekwa lami, juu kumemwagwa chembe za mawe. Chembe hizo si urembo, ndizo zinazoikinga lami na jua. Jiwe la barafu likipiga sawasawa, chembe zinazama au zinaruka, na mkeka chini yake unapasuka. Ukibonyeza kwa kidole gumba pale katikati panabonyea, kama tunda lililopondeka ndani huku ganda likiwa zima. Jeraha jipya ni jeusi tii. La zamani limeshakuwa kijivu kwa jua.

Hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu kuna lengelenge. Kigae kikizeeka kwenye joto, hewa au unyevu uliofungiwa ndani hutunga lengelenge dogo, linapasuka, linaacha kishimo. Kwa mbali ni kilekile. Kwa karibu, kishimo cha lengelenge kina kingo zilizosimama kama kreta, chini yake unaona lami, na ukibonyeza ni pagumu, mkeka mzima. Hilo ni uzee, bima hailipi.

Kingine ni mpangilio. Mawe hayana adabu ya mistari. Yanaanguka ovyo, makubwa kwa madogo, na upande uliokabili upepo ndio unaoumia zaidi. Ukiona alama zote zina ukubwa mmoja, zimekusanyika mahali ambapo mtu aliyepiga magoti angezifikia kwa mkono, na mita tatu pembeni hakuna kitu, basi jiulize aliyepiga magoti alikuwa nani. Nimewahi kuona za sarafu, nimewahi kuona za kichwa cha nyundo. Simtuhumu mgeni wako. Nakwambia tu ziangalie zile picha tano upya.

Ule mchanga mweusi ni chembe, ndiyo. Lakini paa jipya linapukutisha za ziada mwanzoni, na paa zee linapukutisha kila mvua. Peke yake hauthibitishi chochote.

Upepo nitaandika kesho, macho yamechoka.

---

Kutoka: Mwenye Mabati

Na sisi wenye paa la bati mbona mnatusahau? Langu limejaa vibonyeo kama uso wa mwenye ndui.

---

Kutoka: Fundi Mstaafu

Mwenye Mabati, kibonyeo kwenye bati si tundu. Angalia maungio yamefunguka au la, vichwa vya skrubu vimelegea au la, rangi imepasuka pale pa kibonyeo au la, maana kutu itaanzia hapo. Kama vyote vizima, paa lako ni baya kwa sura tu, maji hayaingii. Na soma mkataba wako wa bima, baadhi ya mikataba inasema wazi hailipi uharibifu wa sura.

Turudi kwa Mama Pacha na upepo, kwa sababu vile vigae vitatu kwenye nyasi vinaniambia zaidi kuliko zile picha.

Wengi wanadhani upepo unasukuma paa. Kinachong'oa vigae ni kunyonya. Upepo ukipita juu ya paa kwa kasi unalivuta kwenda juu, na mvuto huo ni mkali zaidi kwenye pembe, kwenye kingo na kwenye mgongo wa paa. Kwa hiyo uharibifu wa upepo utafute huko kwanza, si katikati ya uwanda.

Usiangalie vilivyoondoka tu. Kila kigae kimeshikwa na misumari juu na mstari wa gundi chini. Gundi ikiachia, upepo unakinyanyua kigae, kinakunjika kwenda nyuma, kisha upepo ukitulia kinalala tena mahali pake. Kutoka chini unaona paa zima! Lakini pale kilipokunjika pamebaki mstari mlalo, chembe zimetoka, mkeka umevunjika. Hicho kigae kimeshakufa, kinasubiri upepo mwingine tu. Chukua darubini, au simu uvute picha karibu, asubuhi mapema au jioni jua likiwa chini. Mwanga wa ubavuni unaonyesha mikunjo ambayo jua la utosi linaificha.

Tahadhari moja: kigae kilichoachia gundi bila mkunjo si lazima kiwe cha upepo. Gundi ile inashika kwa joto la jua. Ikiezekwa wakati wa baridi au ikaingia vumbi, huenda haikushika tangu siku ya kwanza. Ukiona vilivyoachia vinapanda kama ngazi kwa mshazari, au vinafuatana kwa mstari kutoka chini hadi juu, hapo sababu huwa ni umri au namna vilivyopangwa.

Na hivyo vitatu vilivyoanguka usivitupe. Vigeuze utazame matundu ya misumari.

---

Kutoka: Kijana wa Bima

Shikamoo Fundi, shikamooni wakubwa wote. Niongeze kidogo, nimefanya kazi ya kupokea madai ya bima, japo si mkaguzi wa paa.

Dada, piga picha leo, usingoje. Picha ya nyumba yote pande nne, kisha ya kila upande wa paa, kisha za karibu ukiwa umeweka sarafu au rula ili ukubwa uonekane. Chaki kwenye bomba ipige ikiwa na duara zake, na kama hakuna duara ipige vilevile. Vigae vilivyoanguka vipige pale pale vilipo kabla ya kuviokota.

Kwenye simu na kampuni usiseme "mvua ya mawe imeharibu paa" kwa sababu mtu mlangoni kasema. Sema ulichokiona: dhoruba tarehe fulani, vigae vitatu vimeanguka, kuna doa darini. Ukitaja mawe na mkaguzi asiyaone, umeanza vibaya. Na karatasi za mlangoni zisome hadi mwisho: nyingine zinampa fundi haki ya kudai fidia kwa jina lako, na baada ya hapo wewe mwenyewe huna kauli.

Maji yakiwa yanaingia, funika turubai na utunze risiti. Kwa kawaida unatakiwa kuzuia uharibifu usiendelee, lakini matengenezo ya kudumu yasubiri ukaguzi.

---

Kutoka: Mama Pacha

Marahaba mdogo wangu. Nawe Fundi, shikamoo kaka, Mungu akuzidishie.

Nimefanya mtihani. Chaki: hakuna duara hata moja, bomba zote mbili. Kiyoyozi kizima. Nyavu nzima. Picha za yule bwana nimeziomba akanitumia, na kweli alama tano zote ziko kwenye vigae vinne vinavyopakana, zinalingana kama zilizopigwa muhuri. Nimemshukuru, nimemwambia nimeshapata mtu.

Upande wa nyuma, karibu na pembe, baba pacha kavuta picha jua likizama. Juu ya pengo la vile vitatu kuna safu mbili zenye mstari mlalo, tumehesabu vigae kumi na moja. Mchana huo huo nilikuwa nimesimama hapo hapo nisione kitu.

Nimevigeuza vilivyoanguka. Matundu ya misumari yako juu, karibu na ukingo wa juu kabisa. Ndivyo inavyotakiwa?

Nikapanda darini na tochi. Doa la chumba cha watoto lina duara ndani ya duara, nimehesabu manne. Halipo chini ya pengo, liko upande mwingine kabisa.

---

Kutoka: Fundi Mstaafu

Sivyo inavyotakiwa. Msumari unapigwa kwenye mstari uliochorwa kiwandani, ili ushike kigae hicho na kichwa cha kile cha chini yake. Aliyeezeka alipiga juu mno, ndiyo maana vimeng'oka haraka. Mwambie mkaguzi ukweli akiuliza, ila upepo ndio uliong'oa, na ile mikunjo kumi na moja ni ya upepo.

Doa ni habari nyingine. Kila maji yanapoingia na kukauka huacha duara lake, kwa hiyo manne si ya juzi. Maji hayateremki wima, hutembea juu ya mbao ya kenchi mita kadhaa ndipo yadondoke. Fuata kenchi hiyo kwenda juu hadi penye bomba la hewa au bati la kuziba maungio, huenda ukakuta mpira unaozunguka bomba umepasuka. Hilo usiliingize kwenye madai ya dhoruba, ni kazi ya nusu siku. Ukiwa huko darini tazama pia ncha za misumari: zikiwa na kutu paa zima, hiyo si mvua, ni mvuke wa ndani ya nyumba unaokosa pa kutokea.

Turubai mmeshafunga? Lianzie ng'ambo ya pili ya mgongo wa paa, si chini ya pengo tu, la sivyo maji yatapita chini yake. Na baba pacha asipande peke yake.