Babu alifariki 1987, msajili Mombasa hamuoni daftarini. Cheti cha kifo tukitafute wapi?

Mjukuu wa Majengo

Asalaam aleikum jamani. Naomba msaada kwa anayejua mambo ya ofisi ya msajili wa vizazi na vifo. Babu mzaa baba alifariki 1987, akaacha nyumba ya Kiswahili hapa Majengo, nyumba bila ardhi kama zilivyo nyingi huku, uwanja ni wa mwenye shamba sisi twalipa kodi tu. Sasa wanawe wazee, wawili washatangulia mbele ya haki, na waliobaki wataka mirathi igawanywe kwa kadhi wakiwa bado hai maana wajukuu tushaanza kununiana. Kadhi ataka cheti cha kifo. Tulikwenda ofisi za kaunti tukaambiwa si hapo, tukaelekezwa kwa msajili, wametafuta kwa jina na mwaka, hayumo. Cheti hatuna, kibali cha mazishi hatuna, sanduku la makaratasi lilingia maji mvua moja kubwa likaoza lote.

Alizikwa Kikowani, hilo halina shaka, kaburi twalijua na kila Idi twaenda kumzuru. Sasa mtu ana kaburi, vipi asiwe na jina kwenye daftari? Na kuna jamaa huko nje amwambia baba atamtolea cheti haraka akipewa elfu kadhaa. Baba yuwataka kukubali, mimi moyo wakataa.

Bint Kisauni

Waleikum salaam. Kakangu huyo jamaa mkimbieni. Cheti kina nambari ya ingizo, wakili wa mrithi mwenye kinyongo akienda kuuliza na ile nambari haimo daftarini au ni ya marehemu mwengine, hiyo ni kughushi na atakayekutwa na karatasi mkononi ni babako si yeye. Malipo ya serikali siku hizi ni eCitizen, paybill 222222, ukiambiwa utume kwa namba ya simu ya mtu ujue waliwa. Mwambie mzee kwa upole lakini mwambie leo.

Karani Mstaafu

Mwanangu, pole na pongezi kwa kuwashughulikia wazee wako. Nimefanya kazi na madaftari haya maisha yangu yote kwa hivyo niwie radhi nikirefusha.

Kwanza hilo la kaunti, maana wengi wapotelea hapo. Makaburi ni kazi ya serikali ya kaunti, iko kwenye katiba ya 2010, Jedwali la Nne, pamoja na afya. Lakini kusajili kifo ni kazi ya serikali kuu, chini ya idara ya uhamiaji na huduma za raia, ila ofisi zake ziko kila kaunti ndiyo maana watu wachanganya. Kwa hivyo kaburi la Kikowani lathibitisha alizikwa, halithibitishi kwamba kuna mtu alikwenda kuandikisha. Hayo ni mambo mawili.

Pili, je, kilifaa kuandikwa? Ndiyo. Usajili wa lazima ulienea wilaya moja baada ya nyengine na kufikia 1971 ulikuwa nchi nzima, kwa hivyo 1987 sheria ilikuwa yamhusu babu yako kama yanihusu mimi leo. Akifia hospitali, hospitali yajaza fomu D1. Akifia nyumbani, naibu chifu ndiye ajazaye D2 na ndiye atoaye kibali cha mazishi. Sasa sisi twazika haraka, mtu afa alfajiri na baada ya adhuhuri keshazikwa, wakati mwengine kibali chachukuliwa mbio mbio na mtoto wa jirani, fomu yabaki kwa naibu chifu mpaka apeleke makao makuu ya wilaya na zake nyengine. Familia yadhani ile karatasi ya kibali ndiyo cheti, wanaiweka sandukuni, basi. Cheti ni lazima mtu akakiombe.

Tatu, na hili ndilo nataka ulishike: daftari halifuati alipozaliwa wala alipozikwa wala nyumba yake ilipo. Lafuata ALIPOKATA ROHO. Kwa hivyo kabla hujasema hayumo nijibu mambo haya. Alifia wapi hasa, nyumba gani, mtaa gani? Tarehe ngapi, au angalau mwezi? Nani alikwenda kwa chifu? Na kitambulisho chake kilisomeka vipi, maana mtaani aweza kuwa Mzee fulani na kwenye kipande ni majina matatu ya ukoo. Mohamed yaandikwa kwa njia tele, Khamis na Hamisi, Swaleh na Saleh, na karani wa zamani aliandika alivyosikia. Ukipeleka jina moja na mwaka mzima, ukiambiwa hayumo maana yake hayumo kwa jina hilo tu.

Fundi wa Tudor

Hilo la jina ni kweli kabisa. Marehemu baba yetu alikuwa ameandikwa kwa jina la kitambulisho ambalo hata sisi watoto hatukulizoea. Tulipolipeleka na bin na bila bin akapatikana ukurasa mwengine kabisa. Tafuta hata kadi yake ya kura au risiti ya kodi ya uwanja, mwenye shamba huwa na kitabu chake, jina lake kamili laweza kuwa humo.

Mjukuu wa Majengo

Shukran sana wote, na mzee wangu Karani Allah akuzidishie umri. Baba nimemueleza habari ya kughushi amenyamaza, nafikiri ameelewa.

Nimekwenda kwa shangazi mkubwa, yeye ndiye aliyekuwa naye. Wallahi haya sikuwahi kuyasikia. Babu alikuwa mgonjwa muda, shangazi akamchukua kwake MTWAPA amuuguze, na huko ndiko alikofia, kwenye chumba cha uani. Wakamuosha huko huko, wakamleta kwa gari la jirani wakapita daraja la Mtwapa na la Nyali, akaswaliwa huku akapelekwa Kikowani. Sisi wa huku tuliona maiti yatoka Majengo tukajua kafia Majengo. Aliyekwenda kwa naibu chifu ni mumewe shangazi, naye marehemu. Tarehe hakumbuki, asema ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho, usiku wa Ijumaa, na Idi ilikuwa bado karibu juma zima.

Kitambulisho kakihifadhi nakala! Ilikuwa ndani ya msahafu. Jina limeandikwa tofauti na tulivyopeleka.

Karani Mstaafu

Mwanangu basi umeshampata babu yako nusu. Mtwapa si Mombasa. Ukishavuka lile daraja uko Kilifi, na mwaka 1987 ilikuwa wilaya ya Kilifi, kwa hivyo hata wakesha wakifunua madaftari ya Mombasa hawatamuona. Nenda kwa msajili wa Kilifi.

Tarehe nayo shangazi yako amekupa nzuri kuliko ajuavyo. Ramadhani ya 1987 ilianza mwisho wa Aprili ikaisha mwisho wa Mei. Tarehe 1 Mei mwaka ule ilikuwa Ijumaa, kwa hivyo Ijumaa zake ni 1, 8, 15, 22 na 29. Kumi la mwisho na Idi bado juma hivi, hiyo ni Ijumaa ya tarehe 22. Lakini usiku wa Ijumaa kwetu ni baada ya magharibi ya Alhamisi, kwa hivyo alifariki Alhamisi tarehe 21 Mei, au tarehe 22 ikiwa ilikuwa imepita saa sita ya usiku. Peleka zote mbili. Na uwaambie watazame pia Juni na Julai, maana daftari lapangwa kwa siku ya kuandikishwa si siku ya kufa, na D2 za vijijini zilikuwa zachelewa njiani.

Usiende ukasema nataka cheti, sema nataka upekuzi wa daftari kwanza. Sheria yampa mtu yeyote haki ya kulipia upekuzi na kupewa nakala iliyothibitishwa. Beba ile nakala ya kitambulisho, kitambulisho chako, na karatasi umeandika kwa herufi kubwa jina kwa kila namna laweza kuandikwa, mahali alipofia, tarehe mbili hizo, na jina la aliyeripoti yaani mume wa shangazi, maana jina la mtoa taarifa huandikwa pia na mara nyengine ndilo litakalokuokoa. Ukiweza kumjua mzee wa mtaa wa wakati ule au naibu chifu wa sehemu ile, hata bora.

Bint Kisauni

Subhanallah, ndani ya msahafu! Na je asipopatikana Kilifi pia?

Karani Mstaafu

Asipopatikana, dadangu, yaombwa usajili wa kuchelewa. Ikishapita miezi sita tangu kifo msajili wa chini hawezi kuandika kwa hiari yake, lazima idhini itoke kwa msajili mkuu. Hapo ndipo barua ya chifu wa Mtwapa, kitambulisho cha marehemu, cha mwombaji, na ushahidi wa shangazi kwa kiapo vitakapohitajika, na huchukua muda. Ndiyo maana nasema upekuzi kwanza, ukikimbilia usajili wa kuchelewa na kumbe yumo, atakuwa na maingizo mawili na kadhi atauliza la kweli ni lipi.

Na shangazi mwende naye. Yeye ndiye shahidi pekee aliye hai, msimtumie kijana peke yake.

Mjukuu wa Majengo

Tunakwenda naye Jumatatu in shaa Allah, amesema atatangulia kuamka. Barua ya chifu ya kuwataja warithi ni chifu wa Mtwapa au wa Majengo?

Karani Mstaafu

Ya kifo ni Mtwapa. Ya warithi ni Majengo, ndiko alikokaa na ndiko wanakomjua yeye na watoto wake. Hakikisha majina ya wale wawili waliofariki yamo na watoto wao, msiwaruke, na vyeti vyao vya vifo mvianze sasa hivi.