Biti za kompyuta ya kwanta: sifuri zimezidi moja. Nimekosea wapi?

mtoto_wa_kijumbe
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ni kijumbe wa mchezo wa watu 12. Kila duru ikianza, lazima atokee wa kununa kwamba vikaratasi vya kikapuni vya kupanga zamu vilikunjwa kwa hila. Nikajitia ujuzi wa kupanga zamu kwa biti (sifuri na moja) za nasibu: nikaingia kwenye kompyuta ya kwanta inayotumika bure mtandaoni, nikachukua kyubiti moja (biti ya kwanta), nikaipitisha kwenye geti la Hadamard, hatua inayoiweka katikati ya sifuri na moja, nikaipima. Mara 100,000. Nilivyosoma, sifuri na moja zinagawana nusu kwa nusu na hakuna awezaye kutabiri. Moja nimepata 48,610! Nimerudia usiku, mambo yale yale. Ni bahati tu au nimeharibu programu?

mwl_takwimu
Si bahati. Sarafu ya haki ikirushwa mara 100,000, hesabu huchezacheza kama 158 juu au chini ya 50,000. Wewe umepungukiwa 1,390, karibu mara tisa ya hapo.

Programu yako huenda haina kosa. Kyubiti iliyo kwenye moja ina nishati zaidi, na ikichelewa kusomwa huweza kuporomoka hadi sifuri. Usomaji wenyewe nao hukosea. Geti ni la haki kwenye karatasi tu.

Dawa ni ya mwanahisabati John von Neumann, ya mwaka 1951. Zichukue biti mbilimbili: 01 andika 0, 10 andika 1, 00 na 11 tupa. Hata sarafu ikiwa mbovu, 01 na 10 zina nafasi sawa. Utabaki na kama robo ya ulizokuwa nazo. Ila kila biti isiitegemee iliyotangulia, kwa hiyo hakikisha kyubiti inarudishwa sifuri vizuri kabla ya kila kipimo.

mtoto_wa_kijumbe
Shikamoo mwalimu, imekubali. Nimezipitisha kwenye majaribio ya unasibu ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani (yako 15, lakini mengine yanataka biti milioni, nikayaruka). Zimefaulu yote niliyoyafanya. Sasa niwaambie wanachama zimethibitishwa?

biti_na_nazi
Usithubutu. Majaribio hayo yanasaka kasoro, hayatoi cheti. Tarakimu za pai zinafaulu vizuri tu, na pai kila mtu anayo. Mersenne Twister, kanuni ya kuzalisha namba za nasibu iliyo ndani ya lugha ya programu ya Python, nayo hufaulu mengi, lakini ukishaona namba zake 624 za biti 32 mfululizo, zinazofuata zote unazitaja mwenyewe.

Wanaotaka cheti hasa wanapita njia nyingine. Mwaka 2025 ilitangazwa kazi iliyofanywa kwa kompyuta ya kwanta ya kampuni ya Quantinuum, yenye kyubiti 56: inapewa maswali magumu ya papo kwa papo, inajibu upesi kiasi kwamba kompyuta ya kawaida isingewahi kughushi, kisha kompyuta kuu zinakagua majibu. Walithibitisha biti 71,313 za unasibu. Mchezo wa mama hauhitaji yote hayo.

Nikuulize lakini: biti unazigeuzaje kuwa mtu?

mtoto_wa_kijumbe
Nachukua nne nne, napata 0 hadi 15, nagawa kwa 12, baki ndiye mtu. Akijirudia namruka.

biti_na_nazi
Ndiyo hapo! 12, 13, 14 na 15 zinarudi kwa 0, 1, 2 na 3. Wanne wa kwanza kwenye orodha yako wana nafasi maradufu ya wenzao. Ikitoka 12 kwenda juu, tupa, chukua nne nyingine.

mtoto_wa_kijumbe
Duh. Namba 0 kwenye orodha ni mama.

mwl_takwimu
Marahaba. Rekebisha kabla hawajaamka.