Kupanua nyumba ya wageni pwani ya Kigombe: vibali vya mazingira na mashauriano

Mwana wa Kigombe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Familia yetu inaendesha nyumba ndogo ya wageni katika pwani ya Kigombe, kusini mwa Jiji la Tanga. Tunakusudia kuongeza vyumba, kuchimba kisima cha pili, kujenga gati la mbao la kupandia mashua, na kuinua ukuta wa mawe mbele ya ufukwe, ambao mawimbi ya kusi yanaumega mwaka hadi mwaka. Cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira tulicho nacho kilitolewa kwa ajili ya mabanda ya mwanzo tu. Mkandarasi anashauri tuanze misingi huku karatasi zikifuatiliwa, kwa hoja kwamba cheti kipo na kibali cha ujenzi kinaweza kutoka halmashauri wakati wowote. Je, hoja hiyo inasimama kisheria? Na ni nani hasa tunaopaswa kushauriana nao, ukiacha serikali ya kijiji?

Mtathmini, Tanga Mjini

Wa alaykum salaam. Nafanya kazi ya tathmini za mazingira hapa Tanga, na jambo la kwanza ninalokuomba ni kumzuia mkandarasi. Kifungu cha 81 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinataka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza au kugharimiwa, na kinaongeza kwamba kibali kilichotolewa chini ya sheria nyingine yoyote hakimpi mwenye mradi haki ya kuanza bila cheti cha mazingira. Kibali cha ujenzi, hata kikitoka kesho, hakitoshi. Cheti chenu cha zamani nacho kinahusu mradi ulioelezwa ndani yake, na kwa maelezo yako gati na ukuta havikuwamo.

Upanuzi husajiliwa NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kwa muhtasari wa mradi, na Baraza ndilo linaloamua uingie kundi lipi kati ya yale yaliyowekwa na marekebisho ya kanuni ya mwaka 2018, yaani A, B1, B2 au kundi maalumu. Msikubali kuugawa mradi vipande, leo vyumba na mwakani gati, ili kila kipande kionekane kidogo, kwa sababu bahari itabeba athari zote kwa pamoja na tathmini inapaswa kuzitazama hivyo hivyo. Hatua nyingine, yaani hadidu za rejea, utafiti wa wataalamu waliosajiliwa na mapitio ya kitaalamu, mshauri wenu atawaongoza.

Kifungu cha 57 cha sheria hiyo hiyo kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Vyumba vipya vipangwe nyuma ya mstari huo, na kwa maoni yangu kipimo kianzie pale maji makubwa ya bamvua yanapofika, si pale yalipokuwa siku mpimaji alipokuja. Kuhusu kisima, mtahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani chini ya sheria ya mwaka 2009, na utafiti uonyeshe ni kiasi gani cha maji kinaweza kuvutwa bila maji ya chumvi kuingia katika visima vya majirani. Mkigusa mkoko hata mmoja, kwanza nendeni TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu.

Ukuta ndio unaonitia wasiwasi kuliko vyote. Wimbi linalogonga mawe yaliyosimama wima hurudi na nguvu zake likichota mchanga wa chini, hivyo ufukwe ulio mbele ya ukuta hushuka, na pale ukuta unapoishia mmomonyoko huhamia kwa jirani. Tathmini iliyo ya kweli italinganisha ukuta na njia nyingine, ikiwamo kurudisha majengo nyuma na kuotesha mimea ya ufukweni.

Bi. Mwani

Mwanangu, umeuliza swali zuri la nani washauriwe. Mimi ni mkulima wa mwani katika pwani hii hii ya Tanga. Nimehudhuria mikutano ya miradi ambako ramani ilibandikwa ikiwa imekwisha kuchorwa, tukaambiwa tuandike majina na kuweka sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, kisha orodha hiyo ikaambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba tumekubali. Mahudhurio si ridhaa, na ninakusihi usiwafanyie majirani zako hivyo.

Nenda kwa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi mnachokiita BMU, lakini usiishie hapo, kwa sababu wengi wanaozungumza hapo ni wenye vyombo na nyavu. Wanawake wanaotafuta pweza mwambani wakati wa maji kupwa na wale wenye mashamba ya mwani huwasikii kikaoni, nao ndio ambao gati litawakatia njia. Waite peke yao, saa ambayo maji yamejaa na hawana kazi baharini. Wakuonyeshe wanakopita na wanakoanika, kabla mchoraji hajaweka kalamu kwenye karatasi.

Mstaafu wa Hifadhi

Shikamoo Bi. Mwani, umesema kweli. Mimi naongeza upande wa hifadhi. Ufukwe wa Kigombe umo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009 baada ya wavuvi wa huku kunasa silikanti wengi, samaki wa kale na adimu wa kina kirefu, katika nyavu za jarife zilizotegwa kwenye kina kirefu. Hifadhi za bahari zina sheria yake, ya mwaka 1994, pamoja na mpango wa usimamizi unaogawa maeneo kwa matumizi. Kwa hiyo barua kwa uongozi wa hifadhi itangulie usajili wa NEMC, kwani gati likipangwa juu ya matumbawe au majani ya bahari mtalazimika kuchora upya.

Taa pia ziangaliwe. Watoto wa kasa hufuata mwanga, na taa za hoteli huwavuta kuelekea nchi kavu. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa mazalio makubwa ya kasa. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975, lakini kiliporomoka hadi kupoteza miti yake, na sasa mayai yanayotagwa huko huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasisombwe na maji. Ndiyo maana kila kipande cha mchanga kilichobaki bara kina thamani kwao.

Mwana wa Kigombe

Shikamooni wazee wangu, nashukuru sana. Mkandarasi nimemsimamisha. Je, ukuta ukiondolewa kwenye mradi, mkutano mkuu wa kijiji bado unahitajika?

Mtathmini, Tanga Mjini

Unahitajika, kwa sababu vyumba, kisima na gati vinabaki. Muhtasari wa mkutano uandike maneno ya waliopinga pamoja na majibu mliyowapa, na nakala yake ibaki ofisi ya kijiji mahali ambapo mwanakijiji yeyote anaweza kuisoma kabla ripoti haijapelekwa NEMC. Kikao cha kina mama kifanyike kwanza, ili ramani itakayowekwa mbele ya mkutano iwe tayari inaonyesha njia zao.