Mamangu anataka kuacha dawa za sukari baada ya krusedi, nimwambie nini?

Mwana_Mikindani: Wadau, naomba ushauri. Mamangu ana sukari ya miaka mingi, humeza metformini asubuhi na jioni. Wiki jana alienda krusedi huku Changamwe, akarudi si yule. Watu walipanda jukwaani wakashuhudia: huyu sukari imeisha, yule presha, mwingine ametupa magongo. Sasa dawa zake kazitia kwenye mfuko wa karatasi, kazifunga na kuziweka juu ya kabati, ati akimeza tena atakuwa anamtilia Mungu shaka. Mimi pia ni muumini. Lakini nikimgusia dawa, ananiuliza, "Kwani wote wale ni waongo?" Hapo nakwama.

Abu_Likoni: Si waongo, ndugu yangu. Uliza ni nani hakupanda. Aliyeombewa akabaki na sukari yake alirudi nyumbani kimya, na aliyekufa hapewi maikrofoni. Zamani hizo Cicero, Mrumi, aliandika habari za Diagoras wa Melos, Mgiriki asiyeamini miungu: alionyeshwa picha za watu walioweka nadhiri wakaokoka na dhoruba baharini, akauliza ziko wapi za waliozama. Sisi wa ng'ambo hii ya Likoni hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Feri ya Mtongwe, hapa Mombasa, ilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994, walikufa watu 272. Aliyenusurika akisema dua ndiyo iliyomtoa, simkatalii. Ila mle chomboni, nani hakuomba?

Mtumishi77: Mnachezea imani za watu. Mimi niliombewa mgongo nikapona. Mtanieleza nini?

Abu_Likoni: Umepona, nakuamini. Lakini maumivu mengi ya mgongo huondoka yenyewe baada ya wiki kadhaa, na mtu hukimbilia maombi siku yamezidi. Baada ya hapo mara nyingi ni nafuu tu, uombewe usiombewe.

Nesi_Kisauni: Mgongo tuuache, kuna mama hapa. Mwana, hayo ya Warumi usimpelekee, hatakusikiza. Sukari haina kelele. Anaweza kuacha dawa akajihisi mzima huku inapanda, na huo uzima akauhesabu ndio muujiza. Mwangalie kiu isiyokatika, kukojoa kila mara usiku, macho kuona ukungu. Akianza kutapika au kulegea, mkimbize hospitali. Mwambie, "Mama, kama umepona, kipimo kitasema." Mpime kidoleni asubuhi kabla hajala, na mrudie siku zinazofuata. Kile kipimo cha damu cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu. Mkikifanya leo kitasoma zile siku alizokuwa akimeza dawa, mkashangilia bure. Dawa hupunguzwa na daktari. Na mchungaji wake mwendee faraghani, wapo wasiopenda mtu aache dawa, basi tu hawalisemi jukwaani.

Mwana_Mikindani: Shukran dada. Mchungaji atampigia leo usiku. Mama kakubali kupima, ila kwa sharti: ikitoka nzuri, nami nipande nishuhudie. Kifaa cha kupimia nyumbani ni bei gani?

Nesi_Kisauni: Ulizia bei ya vijiti vya kupimia damu kwanza, kila kipimo hutumia kimoja. Kifaa utanunua mara moja, vijiti ndivyo vitakavyokumaliza.