Guta linalala konani: stabilaiza ya kuagiza, ya kuchomelea, au niongeze springi?

Mwana_Isongole
Wakuu, za jioni. Nina guta, pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, nabebea viazi, Isongole hadi Uyole. Likiwa tupu halina neno. Nikipakia magunia sita, konani bodi inalala mpaka tairi la nje linasugua madigadi. Jana nimepitisha kidole pale, kimetoka cheusi kwa unga wa raba. Shokapu ni mpya, springi hazijakatika. Nimepewa njia tatu: kuagiza stabilaiza (ile fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili bodi isilale) ya guta ya milimita 18, kununua iliyotumika ya gari dogo, fundi aikate na kuichomelea, au kuongeza springi moja kila upande. Mnasemaje?

Spana17
Ongeza springi umalize, mkuu. Langu niliongeza, na mzigo limetulia. Ila likiwa tupu linaruka kama mbuzi, hilo sikufichi.

Fundi_MlimaNyoka
Hiyo ya kuchomelea isahau. Fimbo ya stabilaiza ni chuma cha springi, kimepikwa kiwandani ili kijinyonge na kurudi. Ukikipiga moto, pembeni ya weldi panakuwa pakavu, panavunjika kirahisi. Niliwahi kuletewa moja iliyokatika hapohapo. Mkato unameta chembechembe kama sukari, kipande kingine kimeburuzwa lami mpaka kimechongeka.

Kati ya hizo mbili zilizobaki, kazi ni tofauti. Springi inabeba mzigo. Stabilaiza haibebi hata kilo: matairi yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, inazunguka tu kwenye bushi, zile raba zinazoishikilia. Upande mmoja ukishuka na mwingine ukapanda, ndipo inanyongwa na kukataa. Unene nao usiuchukulie poa. Ugumu unakwenda kwa kipenyo kwa kipeo cha nne, kwa hiyo ukitoka milimita 16 kwenda 18 ugumu unaongezeka karibu asilimia 60. Kwenye barabara ya mashimo utaujua, maana shimo la tairi la kushoto linalitikisa na la kulia.

Mama_Igawilo
Samahani kaka zangu, mnaongea kana kwamba hilo ni gari. Mbele lina tairi moja, na tairi moja halizuii kuinama. Uzito unaohama konani wote unaangukia tairi la nyuma la nje, ufunge fimbo usifunge. Kupinduka kunaamuliwa na upana wa ekseli na kimo cha mzigo. Fimbo itapunguza kule kulala, na kulala ndiko kunakokuonya upunguze mwendo! Mume wangu alifunga yake, kesho yake akaingia kona kwa mwendo ambao zamani asingethubutu. Tairi la ndani likanyanyuka, likazunguka hewani. Yeye alisalimika, mzigo tuliuokota mtaroni.

Halafu mdogo wangu, ni magunia sita ya kawaida au lumbesa sita, yaliyojazwa kupita kipimo?

Mwana_Isongole
Lumbesa, dada. Wanunuzi unawajua.

Mama_Igawilo
Basi ugonjwa umeshautaja mwenyewe.

Fundi_MlimaNyoka
Mama kanigonga, na ni kweli. Bado ningeagiza, maana tairi kusugua madigadi nayo ni hatari. Tafuta yenye matundu mawili ya linki, vile vifimbo vifupi vya kuishika kila ncha, uanze na tundu la mbali na pale fimbo inapopinda, ndilo laini. Funga guta likiwa limesimama kwa matairi yake mahali tambarare, siyo juu ya jeki, linki zote urefu mmoja. Ukikaza likiwa linaning'inia, raba za bushi zitakaa zimejinyonga siku zote. Bushi za raba usizipake grisi ya kawaida, inazilegeza. Kisha pakia mzigo, uchungulie chini kama fimbo inagusa propela au paipu ya breki. Hapo ndipo wengi wanapochemsha.

Magunia yalaze, uzito ukae karibu na ekseli. Ukiusogeza mbele unausogeza kwenye tairi moja, ambako guta ni jembamba, na ukishika breki konani ndiyo basi.

Spana17
Akilaza anabeba manne tu. Hesabu ya mafuta nani analipa?

Mwana_Isongole
Ndaga fijo, asante sana, dada, na wewe fundi. Nimeagiza ya matundu mawili. Jumatatu napeleka manne, yamelala. Spana, hayo mawili yaliyobaki njoo uyabebe na springi zako.